Likasi: Pistole ya babu haijaribiwi kwa mkono

Tuseme mzee amefariki katika komini ya Kikula. Matanga yamekwisha, na familia inafungua sanduku la chuma lililokaa miaka mingi chini ya kitanda. Chini ya karatasi za kazi za Union Minière na picha zilizogeuka rangi ya chai, kuna kitu kizito kilichofungwa ndani ya kipande cha kitenge. Ni bastola. Mtoto wa kwanza anaishika. Mjukuu anaomba kuiona. Shemeji anasema hiyo ni pistole ya Wabeleji, na Wabeleji walijua kazi. Kisha mtu mmoja, maana katika kila familia yuko mtu wa namna hiyo, anauliza: ingali inaweza kupiga?

Familia hiyo ni ya mfano tu. Swali lake ni la kweli, nalo linaweza kumwachisha mtu vidole au macho, au kumuua jirani aliyekuwa anapika ng'ambo ya ukuta. Wanaojua silaha wana njia yao ya kulijibu. Ni njia ndefu, na mara nyingi inaishia kwenye jibu moja: bastola hiyo isipige tena.

Kwanza, bastola hizi zilifikaje kwetu? Likasi, kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi, imepitiwa na majeshi mengi kuliko mji wa ukubwa wake unavyostahili. Wakati wa ukoloni, ulipoitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji, kulikuwa na Force Publique na wazungu wa migodi waliokuwa na silaha zao. Julai 11, 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Jumatano ya Septemba 13, 1961, asubuhi, wengi wa wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliokuwa hapa walikuwa kwenye misa ya uwanjani waliposhambuliwa na majandarme wa Katanga waliosaidiwa na askari wa kukodiwa kutoka Ulaya. Walikuwa zaidi ya 150, chini ya komanda Pat Quinlan. Walipigana hadi Septemba 17, maji na risasi vikawaishia, na wenzao waliotumwa kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Hakufa hata mmoja wao. Lakini waliposalimu amri, silaha zao zilibaki mikononi mwa waliowashinda.

Januari 3, 1963, wanajeshi wa India wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini. Majandarme wakatawanyika, wengine wakaenda hadi Angola. Walirudi na vita vya Shaba, Machi 1977, na tena Mei 1978. Mwaka 1997 wakapita askari wa AFDL. Baada ya hapo, kaskazini mwa Katanga, ukaja wakati wa Mai-Mai wa Mitwaba, Pweto na Manono. Jeshi linalokimbia huacha vitu. Bunduki kubwa huonekana, huokotwa na kukamatwa. Bastola huingia mfukoni, kutoka mfukoni hadi kwenye sanduku, na ndani ya sanduku husahauliwa.

Wazee wengi wakisikia neno pistole wanafikiri Browning, na wana sababu. Kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, mwaka 1889, na Mmarekani John Moses Browning alikifanyia kazi kwa miaka mingi. Ndicho kilichotoa bastola ya mwaka 1900, kisha ile ya 1910, kisha ya 1922. Ile ya 1910 ndiyo iliyomuua Franz Ferdinand kule Sarajevo Juni 28, 1914, vita vya kwanza vya dunia vikafuata. Browning mwenyewe alifariki kiwandani huko huko Liège Novemba 26, 1926, akiwa bado kazini. Mbelgiji Dieudonné Saive akaimaliza kazi aliyoianza, na mwaka 1935 jeshi la Ubelgiji likaipokea bastola ambayo askari wengi wanaiita GP: milimita 9, risasi 13 ndani ya sharjeri moja. Kwa wakati ule, bastola nyingine nyingi zilibeba saba au nane.

Kwa mtu anayetaka kujua kama bastola ya zamani inafaa, historia hiyo si mapambo. Mwaka wa kutengenezwa unasema mengi. Wajerumani waliiteka Herstal mwaka 1940 na wakaendelea kutengeneza GP kwa ajili ya jeshi lao hadi 1944, zaidi ya laki tatu. Zile za mwanzo ni nzuri. Zile za mwisho zilifanywa haraka haraka, chuma hakikusuguliwa vizuri, na wafanyakazi Wabeleji hawakuwa na moyo wa kumtengenezea adui silaha nzuri. Fundi akiona alama ndogo ya tai na maandishi WaA140 kwenye GP, anajua iko upande gani wa hadithi hiyo, na anaiangalia mara mbili.

Kuna alama nyingine ambayo mwenye macho mazuri anaweza kuiona kwenye chuma bila kufungua kitu: duara refu lenye herufi ELG, na taji juu yake. Hiyo ni ya nyumba ya kupimia silaha ya Liège, iliyoanzishwa mwaka 1672. Kazi yake ni moja tu. Kila silaha inayotoka kiwandani inapigwa kwanza kwa risasi zenye nguvu kupita za kawaida. Kwa bastola, leo, msukumo unazidi kwa asilimia 30. Isipopasuka wala kuvimba, inapigwa muhuri. Tangu mwaka 1914 kuna tume ya kimataifa inayopanga namna ya kupima kwa nchi zilizojiunga nayo.

Watu wengi wanaelewa muhuri huo vibaya. Wanaona taji, wanasema: imepimwa, basi ni nzima. Muhuri unasema silaha ilikuwa nzima siku ile, mikononi mwa wale waliopima. Hausemi kitu juu ya mvua 60 za Katanga zilizopita tangu siku hiyo, wala juu ya mtu aliyebadilisha mtutu wake mwaka 1964 kwa mtutu wa bastola nyingine, wala juu ya fundi wa vyuma aliyeichomelea. Ndiyo maana Ulaya, silaha iliyobadilishwa kipande kikubwa hurudishwa kupimwa upya. Sisi hapa hatuna nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo kila kitu kinategemea mikono na macho ya fundi wa silaha.

Basi fundi anafanya nini? Kabla ya yote, anaichukulia kama imejaa. Hata kama mjane ameapa kwamba haina kitu. Mtutu unaelekezwa mahali pasipo na mtu, kidole kinakaa nje ya kifyatulio, sharjeri inatolewa, kulasi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) inavutwa, na chumba cha risasi kinaangaliwa kwa macho, kisha kinaguswa kwa kidole, kwa sababu macho peke yake hudanganywa na giza. Mpangilio huo haugeuzwi. Ukivuta kulasi kabla ya kutoa sharjeri, unapandisha risasi mpya badala ya kuiondoa, na ajali nyingi za nyumbani duniani huanza hapo.

GP ina tabia inayowachanganya watu: sharjeri ikitoka, haipigi. Askari waliofundishwa kwenye GP huzoea hivyo, kisha siku moja wanashika Browning ya 1900, ambayo haina kinga hiyo, au Tokarev ya Urusi au ndugu yake ya Uchina, ambayo haina hata kifungo cha usalama cha pembeni. Wanatoa sharjeri, wanafikiri kazi imekwisha, na risasi moja imebaki chumbani. Ile ya 1900 ina kifungo chenye maneno mawili ya Kifaransa ambayo kila mtu wa Likasi anaweza kuyasoma, SUR na FEU. Lakini kifungo cha zaidi ya miaka 100 kinaweza kuonyesha SUR huku chuma kilicho ndani kimelika. Fundi hakiamini. Anakipima, tena bila risasi.

Na kama kulasi haitaki kurudi nyuma? Hapo ndipo wenye haraka wanapotafuta nyundo. Bastola iliyokwama huenda ina risasi ndani, na kuigonga au kuipasha moto ni kuiomba ilipuke. Fundi anaiweka kando na kuiita kwa jina lake: silaha yenye risasi isiyotoka. Kuanzia hapo kazi hiyo ni ya wale wanaoshughulika na vilipukaji.

Ikifunguka, inavunjwa vipande vipande na kuoshwa. Mafuta ya zamani huganda kama gundi. Bastola iliyopakwa mafuta mengi na kufungwa ndani ya kitambaa haikulindwa jinsi mwenyewe alivyofikiri: kitambaa hunyonya unyevu wa masika na kuulaza juu ya chuma, ndiyo maana kutu mara nyingi hufuata mikunjo ya kitenge kama ramani. Wako pia waliotumia mafuta ya gari, na wako waliotumia mawese. Mawese ni mazuri kwa sombe. Ndani ya bastola yanakauka na kushika kila kitu.

Mtutu unachukua muda mrefu kuliko vyote. Unasafishwa, unaelekezwa kwenye mwanga, na fundi anatazama ndani polepole. Vidonda vidogo vya kutu vinaweza kuvumiliwa. Asichotaka kuona ni pete nyeusi iliyozunguka ukuta wa ndani. Pete hiyo maana yake siku moja risasi ilikwama njiani, nyingine ikapigwa nyuma yake, na chuma kikavimba. Mara nyingine ukipitisha kidole nje ya mtutu unasikia kiuvimbe mahali hapo hapo. Mtutu wa namna hiyo haurekebishwi, unatupwa.

Vile vidonda vya kutu vina sababu ambayo si mvua peke yake. Fataki za zamani, yaani kile kidude kidogo nyuma ya risasi kinachowasha baruti, zilikuwa zinaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inavuta maji ya hewani. Mafuta hayaondoi chumvi. Maji huiondoa. Kwa hiyo askari wa zamani waliofundishwa vizuri walikuwa wanaosha mtutu kwa maji ya moto, kuukausha, na kisha ndipo kuupaka mafuta. Askari aliyepaka mafuta tu, bunduki yake iliharibika ikingali inang'aa nje.

Baada ya mtutu zinafuata resoru. Ile ya kurudisha kulasi huchoka. Ikichoka, kulasi inagonga fremu kwa nguvu, na baada ya muda fremu inapasuka. Ile ya sharjeri, kama sharjeri ilikaa imejaa tangu wakati wa Tshombe, huenda haina tena nguvu ya kusukuma risasi juu. Resoru ni kipande cha bei ndogo na fundi makini hazijaribu za zamani, anaziweka mpya akizipata. Msumari wa kugonga fataki unaangaliwa ncha yake: ukivunjika unagonga ovyo, ukikwama mbele ndani ya uchafu unaweza kupiga risasi yenyewe kulasi inapofunga, bila mtu kugusa kifyatulio.

Kisha yanakuja majaribio ya mezani. Fundi anatumia risasi za uongo, zisizo na baruti wala fataki. Anavuta kulasi, anaiachia, nyundo inabaki nyuma au inaanguka? Ikianguka yenyewe hata mara moja, bastola hiyo inaweza kupiga risasi mbili, tatu, au sharjeri yote kwa mvuto mmoja wa kidole, ikipanda juu mkononi mwa mwenye kuishika. Anarudia mara nyingi. Ni kazi ya kuchosha na haina kitu cha kuonyesha marafiki.

Mambo ya risasi yanahitaji nafasi yake, kwa sababu hapo ndipo watu wa kwetu wanadanganyika zaidi. Mtu anasema: ni ya milimita 9, na mimi nina risasi za 9. Lakini 9 ya GP siyo 9 fupi ya Browning ya 1910, na hiyo siyo 9 ya Makarov ya Warusi. Kuna 7.65 ya Browning na kuna 7.65 ya Parabellum, namba moja na risasi mbili tofauti kabisa. Risasi ya Tokarev inakaribia kufanana na ile ya Mauser kuukuu hata inaingia, ila ina nguvu zaidi, na Mauser ya miaka 100 haikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Fundi anasoma kilichoandikwa kwenye chuma, kisha anapima mtutu, kwa sababu chuma kinaweza kusema kitu kimoja na mtutu uliobadilishwa kusema kingine.

Na zile risasi zilizokutwa sandukuni pamoja na bastola? Hazitumiki kwenye majaribio, hata zikiwa zinang'aa. Baruti iliyoingia unyevu haifi yote. Inaweza kuwaka nusu, sauti ikawa kama ya chupa ya limonadi inayofunguliwa, na kichwa cha risasi kikabaki katikati ya mtutu. Mpigaji anafikiri imekataa, anavuta kulasi, anapiga nyingine. Hiyo ya pili inakuta njia imefungwa. Pete nyeusi tuliyoitaja ni alama ya mtu aliyebahatika. Asiyebahatika hana cha kuonyesha mtutuni kwa sababu mtutu umefunguka.

Inaweza pia kuchelewa. Unavuta kifyatulio, nyundo inaanguka, kimya. Mtu asiyejua anageuza bastola auangalie mdomo wake. Anayejua anaiacha imeelekea kule kule, anahesabu nusu dakika au hata dakika nzima, halafu ndipo anaifungua.

Watu wa Likasi hawahitaji kufundishwa hilo na mtu wa mbali. Mji huu umeishi na vilipukaji tangu ulipozaliwa. AFRIDEX, kampuni ya serikali iliyo chini ya wizara ya ulinzi, ina kiwanda chake hapa, na vilipukaji vyake vinakwenda migodini. Muulize mzee yeyote wa Gécamines aliyefanya kazi na wapasuaji mawe Kambove, atakwambia namna walivyokuwa wanahesabu milipuko. Matundu kumi yamejazwa, imelia tisa: hakuna anayesogea. Wanangoja muda uliopangwa, kisha mkubwa wao anakwenda kuangalia, na hakuna anayetoboa tena karibu na tundu lililokataa. Bastola ni tundu hilo hilo, dogo, la kushikwa mkononi. Tofauti ni kwamba mgodini kuna kanuni na mkubwa wa kazi, na nyumbani kuna shemeji.

Tufike kwenye siku yenyewe ya kujaribu. Fundi anayeheshimu kazi yake haishiki bastola hiyo kwa risasi ya kwanza. Inafungwa kwenye kishikio kizito, imeelekea kwenye ukuta wa mchanga, kamba imefungwa kwenye kifyatulio, naye yuko mbali, nyuma ya kinga. Risasi mpya, ya kiwanda, ya nguvu ya kawaida. Moja tu ndani ya sharjeri. Anavuta kamba.

Kelele ikiisha hafurahii bado. Anangoja, anakwenda, anafungua, anatazama mtutu kuona kama njia iko wazi, kisha anaokota ganda tupu na kulisoma. Hapo ndipo bastola inasema ukweli wake wote. Ganda lililopasuka ubavuni linasema chumba kimelika. Lililovimba upande mmoja linasema halikushikwa vizuri lilipowaka. Alama ya msumari ikiwa pembeni ya fataki badala ya katikati, kuna kitu hakikai sawa. Fataki ikiwa imebanwa bapa kabisa, msukumo umepita kiasi. Ganda moja zuri haliridhishi. Anapiga ya pili peke yake, ya tatu, kisha mbili pamoja aone kama nyundo inashika. Sharjeri iliyojaa inakuja mwisho, na mkono wa mtu unakuja baada ya hapo, wenye miwani machoni na kinga masikioni.

Kwa kuhesabu, kati ya kufungua kitenge na mkono wa kwanza kupiga, kazi inaweza kuchukua siku nyingi. Mtu anayekwambia amejaribu bastola ya babu yake jioni moja nyuma ya nyumba hajajaribu bastola. Amejaribu bahati yake.

Tena, nyuma ya nyumba si mahali, hata kwa bastola nzima. Sheria ya Kongo juu ya silaha na risasi, ordonansi-sheria namba 85-035 ya Septemba 3, 1985, iliyotiwa sahihi wakati wa Mobutu, haimpi raia haki ya kukaa na silaha bila ruhusa ya serikali. Kuirithi si kuruhusiwa. Karatasi ya babu, kama alikuwa nayo, ilikuwa na jina la babu. Na huko juu ya nchi moja moja kuna mikataba: Protokoli ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Kongo ilitia sahihi, na Mkataba wa Kinshasa uliopitishwa Aprili 30, 2010 na kuanza kutumika Machi 8, 2017. Yote miwili inataka silaha zipigwe alama na kuandikwa kwenye vitabu, ili ikionekana mahali fulani ijulikane imetoka wapi.

Tunajua kinachowazuia watu. Wanaogopa kwamba ukienda polisi na bastola, unaulizwa kwanza umemuua nani nayo. Woga huo haukutoka hewani, na serikali haijafanya vya kutosha kuuondoa. Ila Katanga imewahi kuona njia nyingine. Katika miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, yule ambaye baadaye aliongoza CENI katika uchaguzi wa 2011, lilikuwa linawapa watu wa kaskazini mwa jimbo baiskeli kwa kila bunduki waliyoleta. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya mchungaji na siasa zake. Lakini baiskeli inabeba mihogo hadi sokoni, na mtu aliyeipata hakuhitaji kuelezwa mara mbili faida ya kubadilishana. Kwa bastola za masandukuni hapa mjini hakujasikika bado kitu chepesi hivyo, nalo ni jambo ambalo wakubwa wa jimbo wangeweza kulifikiria kabla ya msiba wa mtu na si baada.

Bastola ikifika mikononi mwa serikali na kuonekana mbovu, kwa kawaida hukatwa: mtutu, kulasi na fremu, kila kimoja peke yake, ili vipande visiweze kukutanishwa tena. Yenye historia kubwa inaweza kuzibwa mtutu na kuwekwa mahali pa kutazamwa.

Kwa wenye sanduku kama lile la Kikula, wataalamu wa silaha wanapendekeza mambo machache, nayo hayahitaji fundi. Usiifungue kitenge zaidi ya ilivyofunguka. Usivute kitu chochote. Usiibebe ndani ya taksi wala juu ya pikipiki kwenda komisarya. Ukisimamishwa njiani nayo kiunoni, maelezo yako yatakuwa marefu. Iache pale ilipo, mdomo umeelekea ukutani upande usio na chumba cha mtu, toa watoto, funga mlango kwa ufunguo. Kisha mkubwa wa familia aende na mtu mmoja anayeheshimika kwa mkubwa wa mtaa, waeleze, waombe polisi waje kuichukua nyumbani, na waombe karatasi yenye namba iliyochongwa kwenye chuma. Namba hiyo polisi wenyewe waisome.